Ari ya kutembea hija hadi Ifucha: jibu kwa mwenzetu wa Kaliua

Mkuu, umeuliza wenzako tunaitoa wapi ari ya kwenda hija Ifucha, kituo cha hija cha Wakatoliki kule Tabora, kwa miguu, maana wewe kila mwaka unapanga, siku ikifika unajikuta stendi. Mimi nilitembea kutokea Urambo, kama kilomita 90 hadi Tabora mjini, nikaendelea mpaka Ifucha.

Kwanza achana na wanaokwambia eti Mnyamwezi ana damu ya upagazi. Nimekua nikisimuliwa mababu waliobeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo. Ni tamu kijiweni, lakini saa kumi alfajiri, na baridi ile ya Julai, hakuna babu anayekuja kukuvuta shuka.

Kilichonitoa ndani ni daftari. Nilisema kwenye jumuiya yetu ya kanisani kwamba natembea, mwenye nia ya kuombewa aniandikie. Mama mmoja akaleta nia ya mwanawe aliyeaga kwamba anaenda machimboni na tangu hapo kimya. Binti akaandika mtihani wake wa kidato cha nne. Mzee mmoja akaomba nimwombee magoti yake, akaniangalia juu mpaka chini, akaongeza, "Na ya kwako pia." Basi, kuanzia hapo safari ikawa ya watu. Ningerudi na lile daftari kutoka njiani, yule mama ningemwambia nini?

Ukifika upande wa Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kizungu, wafikirie Chuma na Susi, watumishi wake. Livingstone alifariki Mei 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, nao na wenzao wakaubeba mwili wake kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike hapahapa. Wakakataa, wakatembea tena mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mambo ya Wazungu na ukoloni tuyajadili kwenye uzi mwingine. Ninachosema, sidhani watu wale waliamka na ari kila asubuhi. Walikuwa na mzigo wa mtu, haukuwa wao wa kuutua watakapo.

Halafu uchovu si jaribu kubwa kama bodaboda. Umepita Usoke, jua la utosini, kijana anapunguza mwendo pembeni yako: "Mzee wangu, buku tano tu nakufikisha mbele pale." Dawa yake ni kutokuwa na buku tano. Hela zangu zote alikaa nazo katibu wa jumuiya, aliyetangulia na mizigo kwa basi.

Mengine ni madogo. Nenda kiangazi, mvua za kuanzia Novemba hazina msamaha. Vaa raba ulizozizoea, mpya zitakuchubua. Beba michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga. Porini kuna ndorobo, yaani mbung'o, nao wanapenda nguo nyeusi na bluu, kwa hiyo ile fulana ya bluu ya kwaya iache nyumbani. Na kama una presha au sukari, muone daktari kabla hujatangaza chochote.

Jumapili hii simama kwenye jumuiya utaje tarehe. Ukifika Urambo jioni, kwetu kuna pa kulala. Nitumie ujumbe siku mbili kabla, na daftari liwe na nafasi, mama watoto naye ana nia yake.