Mlima wa Mungu Hauna Theluji

Juzi kijana mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, nichanganye rangi gani mlima uonekane una Mungu?" Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana swali hilo lilishanitia aibu mwenyewe.

Nilikuwa nimepanga chumba Sinza. Hoteli moja ikaniagiza picha kubwa ya Ol Doinyo Lengai, ambao sikuwahi kuuona. Kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu, tena ni volkano, basi nikapaka anga zambarau, kileleni theluji kama ya Kilimanjaro, ubavuni lava nyekundu. Nilijiona bingwa! Siku ya kuipeleka, mlinzi wa getini, Mmaasai, akaitazama akauliza kwa upole, "Hii ni wapi?" Picha ikarudi na bajaji ileile. Hela ya turubai sijalipwa mpaka leo, na inaniuma.

Nikaenda kuuona mwenyewe; habari za basi na vumbi naziruka. Nililala Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima, alfajiri nikatoka nje. Theluji hakuna. Weupe wa kileleni ni lava: hutoka nyeusi kama oili chafu, ikipata unyevu inapauka. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, mchana haing'ai nyekundu. Mlima wote ulikuwa kijivu, kijivu cha jivu la mkaa, halafu jua likagusa ncha, waridi hafifu, dakika chache. Mwili ukanisisimka. Na mimi nilikuwa nimemwaga zambarau kama napaka geti!

Kwa hiyo, mdogo wangu, buluu itulize kwa rangi ya chungwa mpaka ipate kijivu. Nyeusi ya chupani achana nayo. Milima ya mbali iache ipauke kuelekea buluu, maana hewa iliyo katikati hutawanya mwanga wa buluu. Rangi kali weka mahali pamoja. Utaniambia Roerich, yule mchoraji Mrusi, aliijaza Himalaya buluu na zambarau. Sawa, lakini aliishi bonde la Kullu, hukohuko Himalaya, tangu 1928 mpaka alipofariki 1947. Wewe umeukalia mlima siku ngapi? Vijana mnataka Mungu wa kwenye tyubu! Nauli ya Arusha huna? Panda gari la Kisarawe, vilima vya Pugu vipo, ukae kimya mpaka jua litoke. Simu zima.

Ile picha ya zambarau ninayo, nimeigeuzia ukutani. Wiki iliyopita mama mwenye nyumba aliiomba azibie dirisha la stoo. Nikamnyima.