Siri ya kadi ilivunjwa au ilivuja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi hapa Moshi, naishi Pasua. Naandaa maelezo ya Kiswahili kwa wanafunzi wangu kuhusu usalama wa kadi na simu. Niliandika hivi: "Watafiti walivunja usimbaji wa kadi kwa kupima umeme unaotumiwa na chipu." Mwenzangu akakata "walivunja" kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika "ulivuja". Tumebishana tangu chai ya saa nne hadi wakati wa kutoka. Nani yuko sahihi? Pia, tuseme usimbaji, ufumbaji au enkripsheni? Na kichwa cha somo nimekiita "Usalama wa Utekelezaji wa Kriptografia katika Maunzi na Programu". Wanafunzi wanasinzia kabla sijamaliza kukisoma.

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mwenzako amepata kitenzi, ila amekivisha asiyestahili. Kilichovuja ni ufunguo, yaani namba ya siri iliyofichwa ndani ya kadi. Usimbaji wenyewe, yaani hesabu inayougeuza ujumbe usisomeke bila ufunguo, uko palepale ulipokuwa. Na ukiiacha kalamu yake ilivyo, sentensi yako inasomeka "Watafiti ulivuja usimbaji", ambayo si Kiswahili cha Moshi wala cha kwingine kokote.

Tuanze na vunja. Tunavunja chungu, tunavunja kufuli, tunavunja ahadi. Kufuli likishavunjwa, hata mwenye ufunguo halali hana tena cha kufunga. Ndivyo wanavyolitumia neno hili watu wa fani: usimbaji umevunjwa pale mtu anapogundua njia ya mkato ndani ya hesabu yenyewe, akaweza kusoma ujumbe wa yeyote bila kupewa ufunguo. Sasa chukua AES, kanuni ya usimbaji iliyopitishwa rasmi Marekani mwaka 2001 na ambayo leo imo kwenye simu yako. Ufunguo wake mfupi kabisa una biti 128, yaani nafasi 128 ambazo kila moja ni 0 au 1. Idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39, na hakuna aliyewahi kuonyesha hadharani mkato unaofaa kazini. Kwa hiyo ukiandika kwamba watafiti "walivunja usimbaji", mwanafunzi makini ataondoka akiamini kadi zote duniani zenye usimbaji huo hazifai kitu. Hilo ni kosa la maana, kubwa kuliko kosa la sarufi.

Vuja lina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayonifurahisha. Tunasema "maji yanavuja", tunasema pia "ndoo inavuja". Kilichomo na chombo chake, kila kimoja kinaweza kukaa kwenye nafasi ya kiima, na hakuna anayetuuliza. Hata "nyumba inavuja" tunasema, na aliyelala chini ya bati bovu mwezi wa nne anajua nyumba haina maji yake, inayapitisha tu ya mvua. Kinyume chake, vuja hakitendwi. Hakuna "kuvujwa". Ukitaka mtenda unapachika kiambishi cha kusababisha: kuvujisha. Na hapo ujihadhari, kwa sababu masikio ya Mtanzania yakisikia "kuvujisha" yanakwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa taifa. Vujisha ina mkosaji, ina bahasha, ina polisi mlangoni. Chipu ya kadi haina nia mbaya wala haijapokea bahasha. Inavuja, basi.

Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika hivi: "Kadi ilikuwa ikivuja ufunguo wake, watafiti wakaunasa kwa kupima umeme unaotumiwa na chipu." Ukipenda ufupi: "Ufunguo wa kadi ulivuja kupitia umeme."

Wanafunzi watauliza: unavujaje? Waambie wafikirie jirani anayetwanga nyuma ya ua. Humwoni, lakini unasikia mchi. Katika RSA, aina nyingine ya usimbaji, chipu iliyoundwa kwa njia ya kawaida husoma ufunguo wa siri biti moja baada ya nyingine. Ikikuta 0, inakokotoa mraba. Ikikuta 1, inakokotoa mraba halafu inazidisha tena. Pigo moja, au mapigo mawili. Mwaka 1996 Mmarekani Paul Kocher alionyesha kwamba ukipima kwa uangalifu muda ambao hesabu za aina hii zinachukua, mara nyingi za kutosha, unaweza kuujenga ufunguo upya. Miaka mitatu baadaye yeye na wenzake, Joshua Jaffe na Benjamin Jun, wakaachana na saa, wakapima umeme. Kwenye mchoro wa umeme mapigo ya mchi yanaonekana kwa macho, na hata pale ambapo kelele zimeyafunika, takwimu za vipimo vingi zinayafukua.

Kuna mfano rahisi zaidi, usiohitaji RSA. Mlinzi wa geti anaangalia namba ya siri ya tarakimu 4. Akikuta tarakimu ya kwanza si sahihi, anakufukuza papo hapo. Ikiwa sahihi, anatazama ya pili kabla ya kukufukuza. Mtu anayebahatisha bila kuangalia saa ana majaribio 10,000 mbele yake. Anayeangalia saa anajua kila mara amefika tarakimu ya ngapi, na majaribio 40 yanamtosha. Dawa yake ni mlinzi kusoma tarakimu zote nne kila mara, hata kama ya kwanza tu ilishakosewa, na kutoa jibu kwa muda uleule. Waandishi wa programu nzuri hufanya hivyo. Kwenye chipu wanaongeza dawa nyingine: kabla ya kukokotoa, namba ya siri inachanganywa na namba nasibu ili umeme usimulie kitu kisichokuwepo. Wao huita kuvisha barakoa. Neno limetua vizuri. Tangu 2020 hakuna Mswahili wa kufafanuliwa barakoa ni nini.

Kinachovuja si lazima kiwe umeme au muda. Mwaka 2013 Daniel Genkin, Adi Shamir na Eran Tromer walitangaza kwamba wameupata ufunguo wa RSA wa biti 4096 kwa kusikiliza sauti nyembamba inayotolewa na vipuri vya umeme ndani ya kompyuta mpakato ikiwa kazini. Walitumia simu iliyowekwa kando ya kompyuta, na kwa maikrofoni bora zaidi wakakaa umbali wa mita 4. Hapa Kiswahili kina neno ambalo limelala kabatini bila sababu: dukiza. Kudukiza ni kusikiliza kwa siri mazungumzo yasiyokuhusu. Mdukizi hagusi kitu, anatega sikio tu. Vyombo vyetu vya habari vimemkumbatia nduguye, mdukuzi, na sasa kila mhalifu wa kompyuta ni mdukuzi, awe ameingia kwa nenosiri la kuiba au amevunja seva. Tukimrudisha mdukizi, tutampata yule anayepima na kusikiliza bila kugusa.

Anayegusa naye ana jina lake. Wapo wanaoushtua umeme wa chipu kwa kufumba na kufumbua, au kuipiga mwanga wa leza, ili ikosee hesabu kidogo tu. Mwaka 1997 Dan Boneh, Richard DeMillo na Richard Lipton walichapisha hesabu ya kutisha: kwa namna fulani ya kuunda RSA, hata kosa moja linaweza kutosha kuutoa ufunguo nje. Hapo mimi husema kuichokoza chipu. Ni kama mzee mwenye siri ambaye hajibu swali, lakini ukimchokoza anakosea neno, na katika neno lile unajua yote.

Upande wa programu, kisa kinachojulikana sana ni Heartbleed, kilichofichuliwa Aprili 2014 katika OpenSSL, programu ya usimbaji inayotumiwa na seva nyingi za mtandao. Yeyote aliweza kuiomba seva imrudishie maneno aliyoituma, akadanganya kuhusu urefu wake, na seva ikammiminia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu zake kwa ombi moja, pengine na funguo za siri zikiwemo. Hesabu za usimbaji hazikuguswa hata nukta. Waliokipa jina walitaka kusema moyo unatoka damu, na sisi, bila kufundishwa na mtu, husema damu inavuja.

Na usidhani mambo haya yako Ulaya. Nyumbani kwako Pasua kuna mashine ya usimbaji ukutani: mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Zile tarakimu 20 za tokeni zimesimbwa kwa ufunguo ambao mita yako inao ndani yake, ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako. Utakumbuka mwaka 2024 tulipopewa tokeni mistari mitatu, tukaambiwa tuingize miwili kwanza ndipo umeme uingie. Mtaani nilisikia wakisema "LUKU imedukuliwa". Hapana. Mfumo huo, unaotumika katika nchi nyingi, huipa kila tokeni namba ya dakika, kuhesabu tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa namba hiyo ni biti 24 tu. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, nazo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mistari miwili ya ziada iliibadilishia mita ufunguo na kuianzishia hesabu upya. Hapo hatuhitaji vunja wala vuja. Kibaba kilikuwa kinajaa.

Sasa majina. Enkripsheni inaeleweka ofisini na siipigi vita, lakini haizai: jaribu kuitoa kitenzi uone. Usimbaji unazaa vizuri: simba, simbua, msimbo, kisimbuzi. Shida yake ni mnyama, na timu. Niliwahi kuwaambia vijana pale Kilombero, Arusha, kwamba data zao "zimesimbwa", mmoja akauliza za Yanga je? Utani utapita. Kisimbuzi chenyewe kilishaingia sebuleni na televisheni za dijitali, zilizoanza kuchukua nafasi ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ingawa wengi bado tunaita king'amuzi. Usitumie "kodi" kwa maana ya msimbo. Ukiandika "kuvunja kodi", nusu ya darasa itamfikiria mwenye nyumba.

Ufumbaji ninaupenda kwa moyo na kuukataa kwa kichwa. Unakuja na utajiri: fumba, fumbua, fumbo. Lakini fumbo la Kiswahili halina ufunguo. Lina akili ya msikilizaji. "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Vivyo hivyo kinyume, ile lugha ya kurusha silabi ya mwisho mbele, "chakula" kikawa "lachaku": ukishajua mchezo, umejua maneno ya wote wanaoucheza. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa usimbaji, aliandika kwamba mfumo mzuri ni ule ambao adui akiupata wote bado hasomi kitu, mradi hana ufunguo. Methali yetu inamwonya mfumbaji kuhusu hatari ileile, ila haimpi ufunguo. Kwa darasa lako, basi, shika usimbaji.

Limebaki "utekelezaji". Neno hili limechoshwa na mikutano: utekelezaji wa bajeti, utekelezaji wa maazimio. Kwenye kompyuta limebebeshwa pia kazi ya kuendesha programu, kwa hiyo mwanafunzi hajui kama unazungumzia jinsi kitu kilivyotengenezwa au kinavyokwenda. Kiswahili hapa kinapumua kwa kitenzi: "usimbaji ulivyoundwa ndani ya chipu", "RSA ilivyoandikwa kwenye programu hii". Ni maneno mengi zaidi, lakini hakuna anayepotea njiani. Maunzi yako, yaani sehemu za kompyuta zinazoshikika, yaache, ingawa mafundi wa simu nawasikia wakisema "kifaa" na wanaelewana.

Kuhusu kichwa cha somo: andika "Usimbaji Mzima, Kadi Inayovuja". Na wanafunzi wakitaka kusema "kupasua msimbo", wakatalie. Hiyo waiache iwe mtaa wenu.