Chaki ya Epifania mlangoni: je, si zindiko?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Paroko wetu ametangaza kwamba Jumapili ya Tokeo la Bwana (Epifania), tunapowakumbuka mamajusi waliofuata nyota hadi kwa Mtoto Yesu, atabariki chaki, na kila familia iandike juu ya mlango 20+C+M+B+26. Katika jumuiya yetu ndogondogo wengine wamefurahi, wengine wamekataa. Jirani yangu, ambaye si Mkatoliki, ameniuliza: "Mganga akizindika nyumba mnamsema, padri akizindika mnaitikia Amina?" Akaongeza kwamba mamajusi wenyewe walikuwa wapiga ramli. Nilikosa jibu. Na je, pango la Krismasi tuliondoe lini?

JIBU: Milele na milele, amina. Dada yangu, jirani yako ameuliza swali la haki, tafadhali msimjibu kwa hasira. Tunajuana. Wapo wanaotoka Misa ya kwanza huku nyumbani wamefukia vitu kizingitini. Mtu wa namna hiyo akipewa chaki iliyobarikiwa, ataipokea kama dawa nyingine, yenye nguvu zaidi kwa kuwa imetoka altareni. Hofu ya waliokataa ina msingi.

Lakini tazama zindiko linavyofanya kazi. Hufanywa kwa siri, na nguvu yake husemekana kukaa ndani ya kitu chenyewe kilichofukiwa. Mwenye nyumba haambiwi atubu wala asamehe. Na karibu kila mara kuna mtu anayelengwa: shangazi, mke mwenza, jirani wa ukuta wa pili. Nyumba inafungwa dhidi ya watu.

Chaki ya Epifania haina kitu ndani yake. Namba za pembeni, 20 na 26, ni mwaka 2026; herufi zile ni za Kaspari, Melkiori na Baltasari, majina ambayo mapokeo yamewapa mamajusi (Injili haiwataji kwa majina, wala haisemi walikuwa wangapi, inataja tu zawadi tatu). Wengi pia huzisoma kama sala ya Kilatini, Christus mansionem benedicat: Kristo aibariki nyumba hii. Anayeombwa ni Kristo, hadharani, familia nzima ikisikia. Mvua ikifuta mwandiko, au mtoto akiufuta kwa kiganja, hakuna kinga iliyovunjika. Ukiona moyo wako unashtuka kwa kufutika kwake, hapo ujue umeanza kuufanya hirizi.

Kuhusu mamajusi, jirani yako hajakosea sana: walikuwa watu wa kusoma nyota. Lakini fuata habari katika Mathayo sura ya 2. Nyota iliwaleta Yerusalemu, na pale wakalazimika kuuliza. Jibu la Bethlehemu lilitoka katika Maandiko, kwa nabii Mika. Walipomwona Mtoto, wakaanguka wakamsujudia. Hawakumpigia ramli, wala hawakumwuliza nani amewaroga. Mt. Ignasi wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, aliwaandikia Waefeso kwamba kwa kutokea nyota ile kila uchawi ulivunjwa. Kwa hiyo sikukuu hii haiwezi kutumika kuurudisha uchawi kwa mlango wa mbele.

Tena mamajusi walikuwa wageni, watu wa mataifa, na mlango ulifunguliwa kwao. Somo la pili la siku hiyo, Waefeso 3, linasema mataifa ni warithi pamoja na Israeli. Mataifa hao ni sisi. Ndiyo maana Papa Leo XIII, katika barua yake ya Novemba 1890 dhidi ya utumwa, aliagiza kila mwaka sikukuu ya Epifania zikusanywe sadaka kwa ajili ya misioni za Afrika. Wakati huo Bagamoyo tayari palikuwa na misioni, iliyoanzishwa mwaka 1868, iliyopokea watu waliokombolewa utumwani. Ninapenda waamini wetu walijue hili, kwa sababu watu wengi hapa kwetu wanadhani Epifania ni mkia tu wa Krismasi.

Mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2001 kuhusu ibada za watu unaitaja desturi ya chaki, na unaihusisha na michango ya hisani na ya kimisionari. Basi ninyi fanyeni hivi: jumuiya ipite nyumba kwa nyumba, isomwe Injili ya mamajusi, baba au mama wa nyumba aandike mwenyewe, na kila familia itoe chochote kwa mgonjwa au mjane wa mtaa huo. Mkaribisheni na jirani yako huyo, anywe chai nanyi. Mkiona hamna nafasi ya kusali, msiandike. Mpangaji amwombe ruhusa mwenye nyumba kwanza. Akikataa, sali ndani ya chumba chako, inatosha kabisa.

Pango liacheni hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, inayofunga kipindi cha Noeli. Kwa kuwa kwetu Epifania huadhimishwa Jumapili iliyo kati ya tarehe 2 na 8 Januari, mwaka 2026 ni tarehe 4, na Ubatizo ni tarehe 11. Ndugu zetu Walutheri na Waanglikana wao huendelea kuzihesabu Jumapili baada ya Epifania hadi karibu na Kwaresima, hivyo usishangae ukisikia wanaitaja bado mwezi wa pili.