Baba, Mpishe Mwanao Aongoze: Ushauri kwa Familia Zinazotaka Kuimba Pamoja

Dada mmoja anayeishi Louisville ameniandikia baada ya kutuona tukiimba kwenye mkutano wa injili mwezi huu. Mumewe anapiga gita, watoto wana sauti nzuri, na wanataka kuanzisha kundi la familia. Swali lake lilikuwa fupi: “Baba, ninyi mnawezaje kuimba pamoja bila kugombana?” Najua familia zetu nyingi hapa Kentucky, Marekani, zina hamu hiyohiyo, kwa hiyo namjibia hapa.

Dada yangu, vyeo vya nyumbani viacheni nyumbani. Anayeongoza wimbo awe mwenye sauti ya kuuongoza, hata kama ni kitinda mimba.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania. Nikiinua mkono, kwaya nzima inanyamaza. Tulipohamia Lexington nilipata kazi ghalani, na mzee mmoja wa milima ya mashariki ya Kentucky alinisikia nikiimba huku napanga maboksi. Akatualika kanisani kwao. Huko ndiko tulikosikia bluegrass ya injili, muziki wa nyuzi wa Marekani, kwa mara ya kwanza: banjo, mandolini, fidla, gita, na besi kubwa ya mbao inayopigwa ikiwa imesimama. Ngoma hakuna. Besi inapiga, mandolini inajibu kwa mkato mkavu, na mapigo hayapotei kamwe. Sauti ni nne kama za kwaya zetu, ila zimepangwa kwa namna yao: sauti inayobeba wimbo iko katikati, sauti ya tenor inapanda juu yake, baritoni inakaa chini yake, kisha besi. Mke wangu alininong'oneza, “Baba watoto, hii tunaiweza.”

Na tumeiweza. Nasema hivyo kwa shukrani, na kwa fahari pia.

Mzee yule alimfundisha kijana wetu mkubwa banjo kwa kusikiliza tu, bila noti. Vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati, mtindo ambao mpiga banjo Earl Scruggs aliingia nao kwenye kundi la Bill Monroe, mwasisi wa bluegrass, mwishoni mwa 1945. Akamweleza pia kwamba asili ya banjo ni Afrika, kwamba waliotekwa utumwani ndio waliokuja na ufundi wake Marekani. Kijana alirudi nyumbani siku hiyo akiwa ameshika chombo kile kwa namna nyingine kabisa.

Lakini sauti ya kuongoza alikuwa nayo binti yetu wa mwisho. Mimi nilisikia, mama yake alisikia, kaka zake walisikia. Nikampa wimbo, nami nikahamia kwenye besi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kiongozi mmoja wa kanisa tulilokuwa tukisali alisimama mbele ya watu akauliza ni baba gani huyu anayeongozwa na mtoto, tena wa kike, tena kwa muziki wa Wazungu. Hakutupa nafasi ya kujibu, na kuanzia siku ile hatukuitwa tena kuimba pale. Nimesamehe. Ila bado linauma, kwa sababu binti yangu alikuwepo na alisikia kila neno.

Wanaosema hivyo wangetazama historia ya muziki wenyewe. Bill Monroe alizaliwa Rosine, hapahapa Kentucky, mwaka 1911, wa mwisho kati ya watoto wanane. Kaka zake walishachukua fidla na gita, yeye akabakiziwa mandolini. Baadaye aliimba na kaka yake Charlie, wakapendwa sana, lakini fahali wawili hawakai zizi moja: mwaka 1938 walitengana. Bill akaunda kundi lake, Blue Grass Boys, na jina la kundi hilo ndilo likawa jina la muziki wote. Fikiria, mtoto aliyebakiziwa chombo!

Halafu kuna familia ya Lewis ya Lincolnton, Georgia. Kipindi chao cha televisheni huko Augusta kilianza 1954 kikadumu hadi 1992, na waliendelea kusafiri na kuimba hadi 2009. Mzee Pop Lewis alikuwemo kundini, mabinti waliimba, lakini aliyechangamsha jukwaa ni kitinda mimba, Little Roy, na banjo yake. Baba hakupungukiwa na heshima.

Wakubwa, tusikilizane hapa. Mungu hakugawa sauti kwa kufuata umri. Ukimnyima mtoto wimbo aliopewa kwa sababu tu wewe ndiye baba, unalinda kiti chako, na wimbo unaharibika. Anayeweza kuongoza na aongoze!

Dada, nunueni maiki moja tu. Hivi ndivyo makundi ya zamani yalivyoimba redioni, na wengi wa bluegrass bado wanafanya hivyo: wote wanaizunguka, wa kupiga solo anasogea, akimaliza anapisha. Maiki moja huwafundisha watu kupishana hata kabla hamjaanza kuelezana. Fedha za sadaka zihesabiwe mezani mbele ya wote, watoto wakiwemo. Mazoezi yawe baada ya kula, kwa sababu njaa hugombanisha. Na tena narudia: aongoze mwenye sauti.

Mwambie mumeo jioni hii achague wimbo mmoja ambao nyumba nzima inaujua. Kila mtu auongoze kwa zamu, mrekodi kwa simu, kisha mkae msikilize bila kutaja majina. Mtamjua wenyewe. Mkishampata, mumeo atafute ufunguo wa muziki (key) unaoifaa sauti ya huyo mtoto, hata kama gita lake limezoea mwingine.