Keki 24, ngege mmoja

Juma hili mmetuuliza: "Unapambaje keki ndogo za siku ya kuzaliwa bila kuumiza mfuko, ziwe za kuoka mwenyewe au za kununua?" Najibu kutoka Nyalenda, hapa Kisumu, na jibu langu nalitanguliza: usipambe keki 24. Pamba picha moja (kwetu ilikuwa ngege, yule samaki wa ziwani), kisha watoto waigawane vipande 24.

Binti yangu alitimiza miaka saba mwezi wa pili. Nilikuwa nimeweka kando shilingi 1,200. Fundi wa keki niliyemwendea alinitajia bei iliyozidi hiyo zaidi ya mara mbili. Simlaumu, kazi ya mikono ina thamani yake, lakini pesa hiyo sikuwa nayo. Nikaamua kutumia kwini keki, zile keki ndogo zilizookwa ndani ya vikombe vya karatasi ambazo kila kibanda huku kwetu kinauza pamoja na mkate.

Lakini kabla ya hapo nieleze yaliyotupata mwaka uliotangulia, maana ndiyo yaliyonifunza. Dada yangu anaishi Nakuru na hupamba vizuri mno. Alinipa kipimo chake: siagi tupu, sukari ya aisingi (ile laini kama unga) maradufu ya siagi, kisha unazungusha juu ya kila keki mpaka isimame kama kichuguu. Nilifuata neno kwa neno. Asubuhi zilipendeza sana. Kufikia saa nane mchana, chini ya bati letu, vichuguu vilianza kulala upande, vikateremka kwenye karatasi, na wageni walipofika mtoto alikuwa analia chumbani. Nililia naye.

Baadaye ndipo nilipofikiri vizuri. Siagi huyeyuka kabisa kwenye nyuzi 32 hadi 35, na huanza kulegea mapema kabla ya hapo. Nakuru imeinuka kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya sweta. Sisi tuko mita 1,130 hivi, kando ya ziwa, na mchana wa Februari hufika nyuzi 30 na kupita hata kabla hujaingia ndani ya nyumba ya mabati. Kipimo cha dada hakikuwa na kosa, ila kilikuwa cha Nakuru.

Kwa hiyo safari hii nilibadilisha mambo mawili. Kwanza mafuta: nusu majarini, nusu mafuta meupe magumu ya kupikia, jumla gramu 125, kwa gramu 250 za sukari ya aisingi. Yale mafuta meupe hustahimili joto kuliko siagi. Ladha yake ni butu, hivyo nilitia chembe ya chumvi, maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa na kijiko kimoja cha maziwa baridi. Piga mafuta peke yake kwa mwiko mpaka yawe mepesi na meupe, ndipo uongeze sukari kidogo kidogo, iliyochekechwa. Ukiimwaga yote mara moja itaganda mabonge, na mabonge hayo ndiyo yatakayoziba koni ya kuchorea baadaye.

La pili ni wingi. Kichuguu kimoja hula zaidi ya gramu 30 za aisingi, yaani mchanganyiko huo wa mafuta na sukari. Ukipaka tabaka jembamba kwa kisu, gramu 15 zinatosha, yaani kijiko kimoja cha mezani. Papo hapo umeokoa nusu ya gharama ya aisingi, na tabaka jembamba halina pa kuteleza. Tatizo ni kwamba keki iliyopakwa hivyo, ikikaa peke yake kwenye sahani, huonekana maskini. Hapo ndipo picha inapookoa. Keki 24 zikishikana bega kwa bega, jicho halioni keki, linaona umbo.

Binti yangu alitaka ngege, tena wa rangi ya waridi. Nilichukua kadibodi ya boksi yenye urefu wa futi mbili, nikaifunga kwa karatasi ya foili, nikapanga hivi: mdomoni keki moja, halafu safu ya tatu, nne, nne, tatu, mbili, moja. Hapo una mwili wa keki 18. Mkia ni safu ya mbili na safu ya tatu, unafunguka kama upepeo. Iliyobaki moja iweke mgongoni, ndiyo pezi. Panga kwanza bila kupaka chochote, simama mbali, utazame. Mimi nilisogeza mara nne kabla samaki hajakaa sawa.

Keki zangu zilikuwa za dukani. Sina oveni, na sikutaka kukesha nikioka keki 24 kwa sufuria yenye makaa juu na chini siku ileile ya kupamba. Ukinunua, nunua za siku hiyo. Zikiwa kavu, chemsha sukari na maji kiasi sawa, kamulia pasheni ndani yake, ipoe, halafu pakaza kidogo juu ya kila keki kwa brashi safi. Zile zilizovimba katikati zikate ziwe bapa. Usitupe makombo: nilikausha yangu kwenye kikaango bila mafuta, nikayasaga kwa chupa, nikayamwaga chini ya tumbo la ngege yakawa mchanga wa ziwa. Wageni wengi waliuliza ule mchanga umetoka wapi kuliko walivyouliza juu ya samaki mwenyewe.

Rangi nilizipata sokoni Kibuye, kwenye meza ya mboga. Bitiruti moja, ikwaruze, ikamue kwa kitambaa, chemsha maji yake kwa moto mdogo mpaka yabaki vijiko viwili vizito, kisha matone machache ya ndimu ili wekundu usififie. Tumia matone tu, maana maji mengi hulegeza aisingi. Rangi hii ni ya kupaka. Usitegemee kuitia kwenye unga wa keki, kwani moto huipunguza sana. Mkia na pezi nilivitia bizari ya manjano, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kisu. Ikizidi hapo, mkia utanukia mchuzi. Kichwa nilikiacha bila rangi. Kama hununui sukari ya aisingi, unaweza kusaga ya kawaida kwenye blenda na kijiko cha wanga wa mahindi kwa kila kikombe, ila sukari ya viwanda vyetu ina umanjano kidogo, haitatoa weupe wa maziwa. Kwa samaki haidhuru.

Sasa magamba. Vifaa vya kuchorea aisingi madukani ni ghali, na mimi sikuona haja. Mtazame muuza njugu pale stendi anavyokunja karatasi: anazungusha mara moja, anabana ncha, tayari ana koni. Fanya vivyo hivyo kwa karatasi safi ya kuokea, jaza nusu, kunja juu, kisha kata ncha ndogo sana kwa makasi. Gazeti usitumie, wino wake si chakula. Kwa koni hiyo nilichora nusu duara, moja ikiingia katikati ya mbili za juu yake, kama vigae. Usisimame ukingoni mwa keki, pitisha mstari uvuke kutoka keki moja hadi jirani yake. Huo ndio ufundi wenyewe wa kazi yote hii, maana mstari unaovuka ndio unaozigeuza keki 18 kuwa mwili mmoja. Binti yangu alishika koni mwenyewe sehemu ya tumboni, na magamba yake makubwa makubwa nimeyapenda kuliko yangu.

Mgongoni nilibandika njugu karanga zilizokaangwa, zikatolewa maganda na kupasuliwa katikati. Hapa naomba wazazi wanisikilize: njugu humkaba mtoto mdogo kwa urahisi, na wapo watoto ambao miili yao haipatani nazo kabisa. Niliuliza kila mama kabla ya siku yenyewe, na mkia niliuacha bila njugu, ukawa wa watoto wa chini ya miaka mitano. Njugu zilikaangwa, zikapasuliwa na kubandikwa mwisho kabisa, kwa kisu kingine na mikono mingine, zisiguse mkia. Jicho lilikuwa zabibu kavu. Waridi za dukani msiziweke juu ya keki hata kama zinavutia, kwani maua ya biashara hupuliziwa dawa ambazo hazikukusudiwa kufika tumboni.

Nilianza saa kumi na moja alfajiri, hewa ikiwa bado baridi, nikamaliza saa mbili. Friji hatuna. Nilichukua beseni pana la kufulia, nikatia maji baridi, nikapindua sufuria mbili ndani yake, na kadibodi ikakaa juu ya sufuria, sakafuni, chumba kisichopigwa na jua. Maji yalisaidia kupoza, na sisimizi hawakupata njia. Juu nilitandaza khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikiwa imeinuliwa kwa viti isiguse. Saa tisa alasiri nilipofunua, kila gamba lilikuwa mahali pake. Mama wa nyumba ya pili, aliyekuwepo mwaka ule wa vichuguu, alinishika mkono bila kusema kitu.

Hesabu yenyewe ni hii: kwini keki 24 shilingi 480, sukari ya aisingi nusu kilo 170, majarini 120, mafuta meupe ya kupima 60, njugu 50, bitiruti 30, ndimu na pasheni 30, zabibu 20. Jumla 960. Bizari na maziwa vilikuwa nyumbani, na karatasi ya kuokea na foili alinipa mamangu mkwe. Zile 240 zilizosalia zilinunua mishumaa na matunda ya kutengeneza sharubati.

Sukari ya aisingi ilitumika nusu tu. Nyingine imo koponi, nimeifunga isiingie unyevu. Mdogo wa kiume wa binti yangu anatimiza miaka mitano mwezi wa nane, na tangu tulipopita Chemelil, kwenye mashamba ya miwa, kwa matatu ameshikilia kwamba anataka trekta la miwa. Nimeshaanza kupanga vikombe mezani: safu tatu za keki sita kwa tela, sita za mbele kwa trekta, na biskuti za duara kwa magurudumu. Miwa bado sijajua nitaichora kwa nini, na mwenye wazo aliandike hapa, nitalisoma.