Barua kwa mwanangu: macho ya baba yako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unauliza kama baba yako aliondoka duniani na kinyongo, maana ile mara ya mwisho mlipoongea kwa video alikukazia macho tangu mwanzo hadi mwisho, hakutabasamu wala kupepesa. Na kama ni ugonjwa, unataka kujua ulikuwa unamfanya nini humo kichwani.

Kinyongo hakuwa nacho. Ulipokata simu alisema, kwa ile sauti yake iliyokuwa inakwama kooni, "Amekonda." Akarudia.

La kichwani nitakueleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Unaukumbuka ukuta wa nyumba ya bibi kabla haujakandikwa? Miti imesimama, fito zimelazwa, na kila zinapokutana pamefungwa kamba. Ndani ya seli ya neva nako kuna mirija myembamba mno inayosafirisha mahitaji ya seli kutoka ncha moja hadi nyingine, na protini iitwayo tau ndiyo kamba yake. Katika PSP (kwa Kiingereza progressive supranuclear palsy), ugonjwa wa ubongo aliokuwa nao baba yako, tau hubanduka kwenye mirija, ikajisokota na kurundikana mafundo mafundo ndani ya seli, mpaka seli inakufa. Hata seli zenye umbo la nyota, ambazo kazi yake ni kuzilea neva, hujaa tau hiyo hiyo; chini ya darubini huonekana kama vishada vya nyuzi.

Sehemu inayoumia sana ni ubongo wa kati, kipande cha sentimita 2 hivi, kifupi kuliko kidole gumba chako. Humo ndimo zinamotoka amri za macho kupanda na kushuka. Amri za kutazama kulia na kushoto zina kituo chake chini kidogo, kwenye ponsi, kipande cha ubongo kinachofuata chini ya ubongo wa kati, na hicho huchelewa kuguswa. Basi baba yako alimwona vizuri aliyekaa ubavuni mwake, ila sahani iliyo mbele yake hakuiona. Alikula wali wa upande wa mbali, ule wa karibu na kifua ukabaki. Uji ukamwagikia shati. Nami nikamgombeza, mwanangu. Nilimwambia, "Mtu mzima, si uangalie unachokula?" Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja daktari wa mishipa ya fahamu alimwambia atazame chini. Macho hayakusogea hata kidogo. Kisha akamwambia akazie kalamu iliyo mbele yake, akakishika kichwa kwa mikono miwili na kukiinua kidevu taratibu. Macho yakashuka yenyewe! Misuli ilikuwa mizima, na neva zinazoivuta zilikuwa nzima. Kilichokatika ni amri itokayo juu. Picha ya MRI nayo ikaonyesha ubongo wa kati umesinyaa hadi ukafanana na kichwa cha ndege mwenye mdomo mwembamba mrefu, kama chozi anayefyonza maua yetu ya uani, na ponsi ndiyo kifua chake.

Mwanzoni waliuita Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, wakampa dawa yake, levodopa, na miezi ikapita bila nafuu ya maana. Magonjwa haya yanafanana kwa sababu yote mawili huiharibu ile sehemu nyeusi ya ubongo mpaka ikapauka. Lakini kinachorundikana katika Parkinson ni protini nyingine, alfa-sinukleini, na PSP huharibu hata vituo vilivyotakiwa kuipokea kazi ya dawa. Kule kuanguka chali mapema, kabla hata hajaanza kutembea kwa shida, kungetushtua mapema kama tungejua. Uso nao ulikakamaa, kope zikasahau kupepesa. Ndio uso uliouona wewe.

Waliouandika ugonjwa huu na kuupa jina ni madaktari watatu, Steele, Richardson na Olszewski, mwaka 1964, hapo hapo Toronto unapoishi. Humpata mtu kama 5 hadi 7 kati ya 100,000. Hukuniuliza kama utaurithi, lakini najua unaliwaza hilo usiku: wengi mno wanaougua hawana ndugu mwingine mwenye nao, na katika ukoo wa baba yako sijamsikia.

Baada ya kile kipimo cha kalamu niliacha kumgombeza. Nikaanza kuweka sahani juu ya kigoda kilichowekwa mezani, akala wali wote. Na siku ile ya simu yenu, niliisimamisha juu ya debe la unga ili iwe usawa wa macho yake. Ulipomaliza kuongea nikataka kuishusha. Akanishika mkono, akasema nisubiri.

Mama yako