Barua kwa mwanangu: atamfanya dada ndiye mama?

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mguu wa baba yako umepungua uvimbe. Unasema siku zako 84 za likizo ya uzazi zinakwisha, unarudi kazini, na mume wangu, huyo mjukuu, atabaki na dada wa kazi na chupa. Unauliza: akishazoea chupa ya dada, si atamfanya dada ndiye mama yake?

Chupa isikusumbue. Mtoto hanunuliwi kwa maziwa. Angekuwa ananunuliwa, wewe ungekuwa wangu peke yangu enzi zile za Ngamiani.

Unajua nilivyokuwa zamu za usiku wodini, na Bibi ndiye aliyelala nawe. Asubuhi nikirudi unanyonya mpaka unatosheka, unajifuta mdomo kwenye kanga yangu, halafu mikono hiyooo, kwa Bibi. Sikujali, au nilijifanya sijali. Mpaka Idi ile. Ulikuwa umeshaanza kutambaa. Nyumba imejaa wifi zangu, Bibi yuko uani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Ukajigonga kwenye kizingiti, ukaangua kilio. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, nimeshapiga magoti, mikono nimeifungua. Ukapita chini ya kwapa langu kama kuku aliyeona mtama, ukatambaa hadi kwenye mbuzi, ukamkamata Bibi mguu. Akakupakata na mikono yake yenye nazi, akanitazama, akasema, "Pole mkwe wangu, wewe ni ghala la maziwa tu." Uani wote wakaangua kicheko. Shangazi yako mkubwa hadi leo akiniona na glasi ya maziwa hawezi kunyamaza.

Na mimi chuoni nilikuwa nimeshafundishwa habari hizo! Tulisimuliwa Harry Harlow wa Wisconsin, Marekani, aliyewawekea watoto wa kima mama wawili wa bandia: mmoja wa waya mwenye chupa, mwingine wa kitambaa laini asiye na kitu. Walikwenda kwa yule wa waya kunywa, wakamaliza, wakarudi kumng'ang'ania wa kitambaa. Niliandika kwenye daftari, nikafaulu mtihani. Siku ya Idi ndiyo nikaelewa kwamba wa waya ni mimi.

Hapana, najidhulumu. Waya haukeshi wodini ili upate ada ya shule.

Lakini Bibi alikuwa na nini? Nilimchunguza kwa wivu, kwa hiyo nilimchunguza vizuri. Yuko na ungo anachambua mchele, wewe mkekani unaguna "aah". Hata kichwa hainui: "Labeka!" Unaguna tena. "Labeka mke mwenzangu, nakusikia." Kutwa nzima. Mtoto humfuata anayemwitikia, mwanangu. Nimelisema hili kwa kila mzazi aliyepita mikononi mwangu, na nitalisema tena. Huko Glasgow, Uskoti, watafiti Schaffer na Emerson walifuatilia watoto 60, wakachapisha mwaka 1964: wapo walioshikamana zaidi na mtu ambaye hata hakuwa akiwalisha, mradi ni mwepesi kuwaitikia. Mtafiti mwingine wa watoto, Mary Ainsworth, naye alianza utafiti wake hapa jirani, Uganda, mwaka 1954, familia 26 za Waganda. Watoto waliotulia walikuwa wa wale akina mama ambao ukiwauliza habari za mwana, wanakueleza kila kitu mpaka unachoka kuandika.

Ila ulipopata malaria, mwaka uleule, hukumtaka Bibi. Ulinishika shingo usiku kucha, akikunyooshea mikono unageuza uso. Hapo maneno yangu yote yanayumba. Au nilikuwa nakuitikia bila kujijua? Au mtoto ana nafasi ya watu wawili na kila mmoja ana saa yake? Bibi alisema ni homa tu. Mimi sikubali, na furaha ya usiku ule sijawahi kumwambia mtu, maana ulikuwa mgonjwa.

Mume wangu bado mdogo. Sauti yako na harufu yako anazijua, ila atatulia kwenye mikono mingi. Kuanzia miezi sita, saba, ndipo ataanza kuchagua watu wake na kuwalilia wageni. Akikulilia mlangoni wakati huo, usimtoroke kwa nyuma. Muage, uende. Na akimlilia dada Jumapili anapokwenda kwao, usinune kama nilivyonuna mimi, maana ni dalili kwamba kutwa hakai na mtu asiyemwona.

Kuhusu uache kazi au usiache, baba yako amenikataza kusema. Jibu ninalo, limenikaa kwenye ulimi tangu juzi, lakini nimeahidi. Ninachotaka ni kumwona huyo dada. Ijumaa ya mwisho wa mwezi napanda basi la asubuhi, nitakaa naye jikoni siku nzima, mtoto awe mkekani, nisikie akiguna anajibiwa nini. Usimwambie nakuja kumpima. Mwambie naleta nazi.

Mama yako